Mwenye Mtoto ni Nani?



Nitaanzia dirishani. Nasema lile dirisha la mapokezi hospitalini, lenye kioo kilichotobolewa tundu la kupitishia sauti, ambapo mtu inambidi ainame ndipo asikike. Saa nne usiku. Mama amebeba mtoto wa miaka sita anayehema kwa shida.

"Kadi ya bima, mama."

"Anayo baba yake."

"Basi mpigie akutajie namba."

"Hapokei. Tumeachana."

Mhudumu akamtazama, akatazama foleni nyuma yake, kisha akauliza kwa upole kabisa: "Sasa mwenye mtoto ni nani?"

Mama yule hakujibu. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa na hukumu ya mahakama ndani ya mkoba wake, imepigwa muhuri, inasema mtoto akae naye. Lakini karatasi ile haikumsaidia kwa swali aliloulizwa. Nimefanya kazi ya uwakili katika mashauri ya ndoa kwa miaka zaidi ya ishirini, na swali la mhudumu yule limenishinda zaidi ya maswali mengi niliyoulizwa na mahakimu. Ndilo nililokuja nalo jioni hii. Visa nitakavyovisimulia nimevichanganya makusudi, mtoto wa huyu nimempa wazazi wa yule, ili asitambulike mtu.

Tukisema "mwenye mtoto" huwa tunabeba mambo matatu kwa neno moja: anayekaa naye, anayemwamulia, na anayemlipia. Ndoa ikiwa nzima hakuna haja ya kuyatenga. Mtoto akipata homa, mmoja anamshika, mwingine anatafuta bodaboda, na nani kaamua nini hakuna anayekumbuka kesho yake. Talaka ndiyo inayoyapasua. Na kwa maoni yangu sheria zetu zimejitahidi sana kujibu la kwanza, zimejibu la tatu kwa kuchelewa, na la pili zimeliacha pale dirishani.

Tuitazame Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971. Ilitokana na waraka wa serikali wa 1969 uliojadiliwa na wananchi kabla ya muswada kwenda bungeni, na kwa wakati wake ilikuwa sheria ya kishujaa: iliwakusanya chini ya paa moja wenye ndoa za kanisani, za msikitini, za bomani na za kimila. Kifungu cha 125 kinaiagiza mahakama itangulize maslahi ya mtoto inapoamua akae na nani. Isikilize matakwa ya wazazi, na ya mtoto mwenyewe akiwa na umri wa kuwa na kauli yake, na iangalie mila za jamii yao. Mtoto wa chini ya miaka saba huchukuliwa kwamba anafaa kuwa kwa mama, isipokuwa kuwe na sababu ya kuona vingine. Hadi hapo sawa.

Kifungu kinachofuata ndicho kinachonikosesha usingizi. Kinasema aliyepewa mtoto ana haki ya kuamua mambo yote ya malezi na elimu yake, kwa masharti ambayo mahakama itaona yafaa. Kisha kinataja masharti yenyewe: mtoto aishi wapi, asomeshwe vipi, alelewe katika dini gani, amtembelee lini mzazi mwingine, asitolewe nje ya nchi. Shule imo. Dini imo. Hata safari imo. Matibabu hayamo. Nenda hadi kifungu cha 129, kinachompa baba wajibu wa kumtunza mtoto hata kama haishi naye: malazi, mavazi, chakula, elimu. Hospitali haikutajwa.

Siwalaumu waliotunga. Mwaka 1971 waliotengana waligombea dini ya mtoto na ada ya shule, kwa kuwa hayo ndiyo yaliyokuwa na uamuzi ndani yake. Ukiugua ulipelekwa kituoni, daktari akasema, ukatii. Hapakuwa na rufaa ya kwenda India, wala bima yenye jina la mchangiaji mmoja, wala kundi la simu ambamo shangazi anatuma ujumbe usiku wa manane kwamba chanjo inafunga kizazi.

Sheria ya Mtoto ya 2009 ndiyo iliyokuja kuziba pengo. Kifungu chake cha 8 kinaweka matibabu, pamoja na chanjo, ndani ya wajibu wa kumtunza mtoto, na kinakataza mtu yeyote kumnyima mtoto huduma hiyo. Kifungu cha 26 kinampa mtoto wa waliotengana haki ya kutunzwa na kusomeshwa kwa kiwango kile kile alichokuwa nacho kabla wazazi hawajaachana. Hayo ni maneno mazito, na wanawake wengi ninaokutana nao hawajui kwamba yapo. Lakini someni tena kwa makini: sheria imesema mtoto atibiwe. Haikusema, madaktari wakiwa na njia mbili na wazazi wakachagua moja moja, ifuatwe ya nani.

Wenzetu wa Kenya wameandika vizuri kuliko sisi. Katiba yao ya 2010, ibara ya 53, inampa mtoto haki ya malezi ya wazazi wote wawili, nayo inawapa baba na mama wajibu ulio sawa, wawe wameoana au la. Sheria yao mpya ya Watoto ya 2022 imejengwa juu ya msingi huo. Napenda sana usawa ule. Ila usawa wa watu wawili wasiosemezana ni mlango wenye funguo mbili, kila mmoja kaondoka na wake.

Kuna lugha nyingine ya kulisemea jambo hili, na tunayo nyumbani. Watu wa pwani waliokulia katika fiqhi ya Kishafii wana maneno mawili ambayo Kiswahili cha mahakamani kingeyafaidi: hadhana na uwalii. Hadhana ni kumlea, kumlaza, kumnyonyesha, kumwogesha, kumlinda. Hiyo ni ya mama hadi mtoto afikie umri wa kupambanua, kama miaka saba hivi, ndipo aulizwe anamtaka nani. Uwalii ni wa baba: mali ya mtoto, kuozesha, mambo makubwa ya maisha yake. Waliotofautisha haya karne nyingi zilizopita waliona kitu ambacho waandishi wa 1971 hawakukiona, kwamba kukaa na mtoto na kumwamulia ni kazi mbili.

Tatizo ni kwamba maradhi hukaa katikati. Homa ni hadhana, hakuna anayebisha. Kupasuliwa je? Mama mmoja wa Unguja alimpeleka mwanawe kwa upasuaji wa ngiri, akaambiwa asubiri sahihi ya baba. Baba yuko Maskati, anaendesha lori, na simu yake hupatikana Ijumaa. Upasuaji ni Jumanne. Yule daktari hakuwa na sheria mkononi inayomtaka apate sahihi ya baba; alikuwa na mazoea tu. Na mazoea ya hospitali zetu, bara na visiwani, ni kwamba mama huleta na baba husaini. Mama anayekesha wodini wiki nzima huulizwa kila kitu, tangu mtoto alitapika mara ngapi hadi choo kilikuwa na rangi gani, ila inapofika fomu ya ridhaa anaambiwa mwite mzee.

Upande wa pili upo pia, nisije nikaonekana wakili wa upande mmoja. Nimewahi kuwa na mteja, baba, aliyejua kwamba mwanawe amefanyiwa upasuaji wa tonsili kwa sababu alimkuta amekaa anakula aiskrimu siku ya kumtembelea. Alilia ofisini kwangu. Hakuwa anapinga upasuaji. Alisema: "Wakili, mimi ningempinga nani? Ningekwenda kukaa naye tu."

Sasa niende kwenye ugonjwa ambao umenifundisha mengi kuliko vitabu, yaani selimundu. Tanzania inakadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 wanaozaliwa na selimundu kila mwaka, ikiwa miongoni mwa nchi za juu duniani. Mtoto huupata akirithi kinasaba kutoka kwa baba na kwa mama, wote wawili. Hakuna njia ya mmoja peke yake. Wazazi wote wakiwa wabebaji, kila mimba ina uwezekano wa robo. Sayansi hiyo ni rahisi, lakini katika kaya nyingi bado husemwa kwamba "damu mbaya imetoka kwa mama", na maneno hayo huwa ndiyo mwanzo wa talaka yenyewe. Kwa hiyo wanapofika mahakamani, ugonjwa wa mtoto tayari ni shahidi wa mtu.

Mtoto wa selimundu hahitaji uamuzi mmoja mkubwa. Anahitaji mia ndogo. Anywe maji ya kutosha. Asipigwe na baridi. Alale ndani ya chandarua, kwa maana malaria kwake si malaria ya mtoto mwingine. Ale foliki kila siku. Siku za likizo anakwenda kwa baba na begi la nguo, dawa zimebaki juu ya kabati kwa mama, na siku ya nne anaamka analia miguu. Mama anasema baba ni mzembe. Baba anasema hakupewa. Wote wawili wanasema kweli.

Halafu ipo haidroksiurea, dawa inayopunguza maumivu yale na haja ya kuongezewa damu. Ilitangulia kutumika kwa saratani za damu, na neno hilo likimfikia baba ambaye hakuwepo kliniki siku mama alipoelezwa, vita huanza: "Mwanangu hapewi dawa ya kansa." Msimcheke. Dawa hii inataka kupima damu mara kwa mara, na kwa mtoto wa kiume yako maswali kuhusu mbegu ambayo daktari hukaa na wazazi akayazungumza. Baba yule aliyakosa mazungumzo yale. Akapewa matokeo yake tu, kupitia mtu ambaye haongei naye. Ningekuwa mimi ningekataa pia. Naona magomvi mengi ya matibabu baada ya talaka ni ya namna hii: wazazi hawapingani juu ya dawa, wanapingana juu ya kikao ambacho mmoja hakuitwa.

Na sasa limekuja gumu zaidi. Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu. Uloto hutolewa na ndugu anayelingana, na kwa ndugu wa baba mmoja na mama mmoja nafasi ya kulingana ni robo. Fikirieni basi familia ambayo mahakama iligawa watoto: mgonjwa yuko kwa mama Dodoma, dada yake mzima yuko kwa baba Mwanza. Mama anataka dada apimwe. Baba anasema: huyu umeniachia mimi, hutamtoboa mfupa kwa ajili ya nyumba yako. Anayepewa haki ya kuamua chini ya kile kifungu cha 126 cha Sheria ya Ndoa ni aliyekabidhiwa mtoto, na kila mmoja hapa amekabidhiwa mtoto wake. Dada naye ana miaka tisa, ana maslahi yake, nayo si lazima yafanane na ya mdogo wake. Sijakutana na hukumu ya kwetu iliyokaa juu ya jambo hili. Litakuja, na ningependa hakimu atakayelipata awe amelifikiria kabla ya asubuhi ya shauri.

Mahakama zetu huazima busara za hukumu za Uingereza, bila kufungwa nazo, na ziko mbili zinazofaa kutajwa. Mwaka 1999 Mahakama ya Rufani ya kule ilikuwa na baba Mwislamu mwenye asili ya Uturuki, mama Mwingereza, na mtoto wa kiume wa miaka mitano anayeishi na mama. Baba alitaka mtoto atahiriwe. Akakataliwa. Mahakama ilisema tohara haiwezi kutenguliwa, na kwamba mzazi mmoja asiifanye peke yake mwenzake akiipinga. Mwaka 2003 mahakama hiyo hiyo ilisikiliza rufaa za akina mama wawili wasiotaka watoto wao wa kike wachanjwe; akina baba, ambao hawakuwa wakiishi na watoto hao, walitaka. Akina baba wakashinda. Katika kesi zote mbili kukaa na mtoto hakukutosha kuwa jibu. Mahakama iliuliza hiki kinachotaka kufanywa ni kitu gani, na ushahidi wa tabibu unasemaje.

Hapa petu tohara ingeamuliwa vingine, nadhani, kwa kuwa kifungu cha 125 kinaleta mila mezani, na mtoto wa kiume wa Kitanzania anayekua bila tohara katika mtaa wa waliotahiriwa ana shida zake. Kwenye chanjo tumewazidi Waingereza: walichohangaika kukiamua mwaka 2003 sisi tulikiandika kwenye sheria ya 2009. Chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, na tangu 2024 ni dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, mara nyingi shuleni. Mzazi aliyeachika anayeandika barua kwa mwalimu mkuu kuzuia, ili tu kumwonyesha mwenzake kwamba bado ana kauli, asidhani sheria imekaa upande wake. Na kwa ukeketaji hakuna hata mjadala: tangu 1998 ni kosa la jinai kumfanyia msichana wa chini ya miaka 18, na ridhaa ya wazazi wawili haiongezi kitu kuliko ya mmoja.

Kuhusu fedha nitakuwa mfupi, maana mnaijua hadithi. Kwa bima yetu ya taifa mchangiaji huandikisha mwenzi na wategemezi wake. Watu wakiachana, mwenzi hutolewa, watoto hubaki kwa jina la mchangiaji, ambaye mara nyingi ni baba mwenye ajira rasmi. Hakuna ubaya, ila kadi huwa mkono wa kushikia mtu. Aliye chini ya miaka mitano kisera hutibiwa bure katika vituo vya serikali, dawa zikiwepo, na ndiyo maana naona ugomvi wa bima huanza mtoto anapotimiza mitano. Nimeona mama akiandikiwa ujumbe: mlete mtoto Jumamosi ndipo nitume namba. Hakimu akiusoma ujumbe kama huo huufahamu mara moja. Mhudumu wa dirishani hausomi.

Na msisahau faili. Mzazi anakwenda hospitali kuomba nakala ya kumbukumbu za mtoto, si kwa ajili ya matibabu, bali aone mwenzake alisema nini kwa mshauri nasaha. Katika nyumba yenye dawa za VVU jambo hili linaweza kuharibu maisha ya watu watatu kwa bahasha moja. Tangu marekebisho ya sheria ya 2019, kijana wa miaka 15 anaweza kupima VVU kwa ridhaa yake mwenyewe. Kabla ya hapo ilikuwa 18. Basi tumekubali kwamba mwenye miaka 15 anaweza kubeba jibu zito kuliko yote. Mbona bado tunamwacha amekaa kwenye benchi la nje wakati wazazi wake wanabishana ndani juu ya meno yake?

Mtaniuliza, wakili, unataka nini? Sitaki sheria mpya, ingawa ikija nitaipokea. Nataka karatasi moja. Kwa kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa huwezi kufungua shauri la talaka kabla ya kupita baraza la usuluhishi, liwe la kata, la msikiti au la kanisa, isipokuwa kwa sababu maalumu. Mabaraza haya huuliza nani alimtukana nani, na mahari ilikuwa kiasi gani. Bado sijaona moja likiuliza mtoto ana mzio wa dawa gani. Na amri ya malezi, kama nilivyosema, inaweza kuwekewa masharti yoyote ambayo mahakama itaona yafaa. Mlango uko wazi tangu 1971. Ni sisi mawakili ambao hatuombi.

Ningeiandika hivi. Ya kila siku, homa, kidonda, dawa za kawaida, aamue yule ambaye mtoto amelala kwake usiku huo, hata kama ni baba wa wikiendi. Ya dharura, daktari atibu, sahihi itafutwe baadaye. Ya kupasua, ya kusafirisha, ya dawa za kudumu, waamue wote, na wakishindwa aamue mtu wa tatu waliyemtaja mapema: daktari wa mtoto, bibi, afisa ustawi wa jamii, yeyote wanayemwamini wote. Mahakama iwe ya mwisho, kwa kuwa shauri la haraka kwetu ni wiki, na utumbo uliojisokota hausubiri wiki. Namba ya bima ikae kwa wote wawili. Kadi ya kliniki isafiri na mtoto, ndani ya begi, pamoja na dawa.

Niliwahi kuwapa wateja wangu wawili daftari la shule, nikawaacha chumbani peke yao waandike hayo kwa mkono wao. Walikaa saa tatu. Nilisikia sauti zikipanda, zikashuka, mara moja nikasikia mtu anacheka. Karatasi waliyonipa ilikuwa na mistari minane, sita imeandikwa vizuri na bila kufutwa. Mstari wa tano, wa upasuaji, ulikuwa umechafuka. Mwanzo uliandikwa "baba ataulizwa". Neno limekatwa, juu yake limewekwa "atajulishwa", kwa mwandiko wa mama. Nalo limekatwa, kwa nguvu, hadi karatasi imetoboka. Pembeni kabisa, kwa herufi ndogo zilizobanana, wameandika wanachokubali: "Ataulizwa. Asipojibu saa 24, ameshajulishwa."

Nilimpelekea hakimu hivyo hivyo, na tundu lake.